Dume Aliyekosa Hamu

Daktari wa mifugo na mumewe wakili walikuwa wakitumia kompyuta moja, nayo ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, kati ya bakuli la matunda na rundo la majalada ya kesi. Hawakupanga iwe hivyo. Daktari alikuwa na yake, ila ilimponyoka siku ya kuogesha ng'ombe ikatumbukia kwenye josho, na ingawa aliiopoa mwenyewe, haikuwaka tena. "Angalau haitashikwa na kupe," alisema aliporudi nyumbani, akaanza kupokezana na mumewe ile iliyobaki.

Kila mmoja wao alikuwa bingwa wa kutafuta mambo mtandaoni, na kila mmoja alimwona mwenzake mbumbumbu kabisa katika jambo hilo. Wote wawili walikuwa na haki.

Mfugaji akipiga simu kusema ndama wake anazungukazunguka mahali pamoja kama mtu aliyeangusha sindano, Daktari hakuuliza kompyuta "ndama wangu ana nini?" kama ambavyo wewe na mimi tungeuliza. Aliandika maneno matatu makavu, mawili kati ya hayo hayatamkiki bila kujiuma ulimi, akaruka matangazo, akaruka walimwengu wanaobishana, akafika kwenye makala moja nzito iliyoandikwa na mtu asiye na haja ya kupendwa. Kisha akarudi kwenye simu: "Hapo zizini kuna betri ya gari imetupwa?" Mfugaji akaenda kuchungulia. "Ipo, Daktari. Umejuaje?" Ndama alikuwa ameilamba risasi iliyomo ndani ya betri, madini yenye sumu. Akatibiwa, akapona, na sifa za Daktari zikapaa.

Wakili naye alikuwa hivyo hivyo kwa upande wake. Alijua ni neno gani majaji hulipenda na ni lipi hulikwepa, na katika dakika chache angekuletea hukumu ya zamani iliyosahauliwa hata na jaji aliyeiandika.

Tatizo lilikuwa pale walipotoka nje ya ua wa kazi zao, maana hawakutoka peke yao, walitoka na kazi zenyewe. Bomba la jikoni lilipopasuka, Wakili aliketi akaandika: wajibu wa mwenye nyumba, uharibifu utokanao na maji. Hadi wakati wa chakula alikuwa na hukumu za kutosha kumburuta mwenye nyumba mpaka mahakama ya rufaa, na maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mkewe ndiye aliyeyazuia, kwa kulikaza bomba kwa kamba na fundo lile lile analofungia mshipa wa ng'ombe unaovuja damu. Walichekana sana siku ile. Hawakujua kwamba kicheko ni mkopo.

Mambo yalianza na nyama. Wakili alikuwa mtu wa nyama, na mtu wa kuongea huku akila nyama. Jumapili moja alikata kipande kidogo, akakihamishia upande mmoja wa kinywa, akakitafuna polepole akitazama ukuta, kisha akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujala."

"Nimeshiba, Dokta. Mtu hawezi kushiba nyumbani kwake?"

Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Akawa anasimama dirishani akimpa mkewe mgongo. Ukimsemesha, anaguna. Ngazi za mlangoni, ambazo alizoea kuzishuka mbio na mkoba kwapani, akawa anazishuka taratibu kama aliyebebeshwa trei ya mayai. Mtu ambaye mahakamani hulipwa kwa maneno, nyumbani akawa bubu.

Daktari aliingiwa na wasiwasi. Alasiri moja mumewe akiwa kazini, alifungua kompyuta akaandika kama mke yeyote angeandika: mume amekosa hamu ya kula na amekuwa kimya. Akapata mafuriko. Dalili kumi za mume aliyechoka na ndoa. Dalili saba za mume mwenye mwingine. Mwanamke mmoja aliyejipamba vizuri alishauri mke abadilishe mapazia. Mwingine alishauri alie, lakini asilie sana. Daktari alisoma mpaka chini akitafuta jambo moja tu: huyu mtu amechunguza waume wangapi, na kwa njia gani? Hakuna aliyesema.

"Porojo," akasema, akafuta yote.

Akarudi kwenye maneno anayoyaamini: kupungua kwa hamu ya kula, kutafuna upande mmoja, kujitenga na kundi, kusita kushuka mteremko. Kompyuta, ambayo ilikuwa imemzoea kwa muda mrefu na kujua anapenda nini, haikusita. Ilimletea ng'ombe.

Ilimletea hasa dume lililomeza kipande cha waya. Ugonjwa huo Daktari aliujua: chuma hukaa tumboni, kikimchoma mnyama kila anapotikisika. Dume husimama peke yake, hujikunja mgongo, hugoma kushuka mteremko, na hula kidogo mno. Makala ilikuwa nzuri, yenye picha, na waandishi wake walieleza waziwazi wamechunguza wanyama wangapi. Mwishoni kulikuwa na mjadala wa kama dume mwenye umri mkubwa atibiwe au aondolewe kundini.

Daktari alijua fika kwamba mumewe hajameza waya. Alikuwa na akili zake timamu. Lakini akili timamu ikishaona picha inayofanana, haiachi kuitazama. Alisoma makala ile yote, halafu akaandika kutafuta nyingine mbili juu ya dume mzee.

Kumbe kilichomsumbua Wakili kilikuwa jino. Gego la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limetoboka, na kila hatua ya ngazi ilimpiga kama nyundo. Yeye mwenyewe alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa hata amelitafutia habari, kwa kompyuta ya ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Ila aliandika kama anavyoandika siku zote. Aliandika: daktari wa meno, uzembe, hukumu.

Basi akaletewa alichoomba. Mwanamume aliyeng'olewa jino zima, bovu likaachwa. Bibi aliyevunjwa taya. Mwalimu ambaye ganzi haikutoka tena mdomoni, na darasa zima likawa linamwiga. Wakili alisoma hukumu baada ya hukumu, na hakukuta hata moja inayosema: mdai alienda, akang'olewa, akarudi nyumbani. Akafunga kompyuta akiwa na jasho kwenye kola. Kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, hakuna mtu mwenye busara ambaye angekubali kufungua kinywa mbele ya watu wale.

Mkewe hakuambiwa, kwa sababu Wakili alimjua. Huyu ni mwanamke anayeng'oa meno ya punda akiwa amesimama. Angemtia garini siku hiyo hiyo, kama si kumaliza kazi pale pale jikoni.

Asubuhi moja Wakili alikuwa ameinama akipiga viatu rangi, na mkewe akapita nyuma yake. Mgongo ule ulikuwa wazi, tena umejikunja. Kuna jaribio ambalo madaktari wa mifugo hufanya: ng'ombe mzima ukimfinya juu ya mabega hubonyea mgongo, bali aliyemeza chuma hukakamaa na kuguna. Daktari hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Aaah! Unafanya nini?"

"Kulikuwa na uzi kwenye shati."

"Uzi ndio unang'olewa hivyo?"

Alikuwa amekakamaa, tena ameguna. Daktari alikwenda kazini na mawazo mengi.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Wakili kwenye kompyuta. Alitaka kutafuta kifungu kuhusu dhamana, na akaandika herufi mbili za mwanzo, d na u, kwa kuteleza kwa kidole. Kompyuta, kwa ukarimu wake, ikammalizia: dume mzee aliyekosa hamu, kutibu au kuondoa kundini.

Wakili alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa pale pale.

Mtu mwingine angeinua sauti akauliza, "Mke wangu, hili dume ni nani?" Mkewe alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale. Lakini Wakili alikuwa amefundishwa, na yeye mwenyewe kuwafundisha vijana wake, kwamba shahidi haulizwi swali ambalo wakili hajui jibu lake. Akakumbuka finyo la asubuhi. Akakumbuka jinsi mkewe alivyomtazama akishuka ngazi, macho yamebana, kama mtu anayepima kitu sokoni. Mwenendo, akajiambia. Nia huonekana katika mwenendo. Akaandika: kuvunjika kwa ndoa, dalili za nia ya mwenza, mgawanyo wa mali. Akasoma mpaka chakula kikapoa, chakula ambacho hata hivyo hangekila.

Kesho yake ikawa zamu ya Daktari. Alitaka kuandika mgomba, kwa sababu ng'ombe wa mteja wake walilishwa majani ya mgomba wakaharisha. Alifika mg, kompyuta ikammalizia: mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika.

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Halafu akafanya lile ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akarudi kwa yule mwanamke aliyejipamba, akasoma habari za mapazia.

Wakati huo ndipo mama mkwe alipoingia. Jirani zake walimwita Mama Sufuria, kwa sababu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni hadi alipostaafu, na mpaka leo hajui kupika chakula cha watu wachache. Alikuwa amempigia mwanawe simu, akamsikia anatamka maneno kama mwenye kiazi cha moto mdomoni, akafunga safari bila kuuliza. Alifika na begi moja la nguo na sufuria mbili.

"Mkwe," alisema kabla hajaketi, "mwanangu amekonda."

"Naona, Mama."

"Unaona, sasa unafanyaje?"

"Nachunguza."

Mama Sufuria alimtazama kama mtu anayetazama maharage ambayo hayajaloweshwa. Akatoa simu yake mkobani. Yeye hakuandika kamwe. Alizungumza na simu kwa sauti ya kufika jiko la pili, na kwa heshima zote.

"Habari za mchana. Samahani kwa usumbufu. Mwanangu hataki kula. Nifanye nini? Ahsante sana."

Simu ilifikiri kidogo, ikajibu kwa sauti ya upole kwamba watoto wengi hukataa chakula wanapoota meno, hivyo mzazi amkague mtoto fizi, kisha ampondee chakula laini na kumpa kidogo kidogo kwa kijiko kisichoumiza.

"Fizi!" Mama Sufuria alicheka. "Mtu ana mvi, ataota meno gani? Hayo achana nayo. Lakini hapo kwenye kuponda, hapo inajua kazi." Akafunga kanga kiunoni, akaenda kuponda.

Daktari alikuwa ameketi pale pale mezani, na alilisikia neno fizi kwa masikio yake yote mawili. Lakini aliyelitamka ni simu ya mama mkwe, iliyodhani inazungumzia mtoto mchanga, na mtaalamu hapokei ushauri wa namna hiyo. Neno likapita kama nzi.

Mama Sufuria alipika boga akalivuruga kwa maziwa, akachuja supu, akasaga viazi mpaka vikawa kama krimu. Wakili akala. Alikula bakuli la kwanza, akala la pili, akakwangua la tatu, na machozi yakamlengalenga. Mama yake alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni.

"Mkwe wangu, nitakwambia kwa mapenzi tu," alisema. "Huyu hakuwa mgonjwa. Huyu alikuwa na njaa."

Daktari alimeza maneno hayo makavu, bila maji. Mama mtu akabaki anatamba nyumba nzima, akisimulia kwa simu, kwa marafiki zake wote, jinsi mwanawe alivyokuwa akinyimwa mapishi. Wakili alisikia, na hakumtetea mkewe. Alijua anamkosea. Lakini kumtetea kungehitaji maelezo, na maelezo yangefika kwenye jino, na jino lingefika kwenye kiti cha daktari wa meno, kile cha kulalia chenye taa. Akanyamaza, akala boga.

Jumamosi mchana Mama Sufuria aliamua kwamba mgonjwa amepona na sasa apewe chakula cha wanaume. Alichoma mbavu. Zililetwa mezani zikilia mafuta, na ubavu mkubwa kuliko zote ukawekwa mbele ya mwanawe.

"Kula, baba. Nione."

Wakili aliutazama ubavu ule. Akamtazama mama yake, ambaye hajawahi kukataliwa sahani na mtu yeyote akabaki rafiki yake. Akafumba macho, akang'ata.

Ukelele uliotoka haukuwa wa mtu aliyesomea sheria. Kichwa kilirushwa nyuma, kiti kikapinduka, ubavu ukaenda chini ya kabati. Na hapo Daktari hakufikiri tena. Alipita upande wa kushoto, kama inavyofundishwa ili mtu asipigwe teke, akamkumbatia mumewe kichwa kwa mkono mmoja, akapenyeza kidole gumba pembeni mwa mdomo na kumfungua taya.

"Tulia. Tulia, mzee. Taratibu." Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Fizi ilikuwa imevimba, nyekundu kama nyanya, na katikati yake lile gego lilikuwa na shimo la kuingia punje ya mtama.

Alimwachia. Watu watatu walitazamana.

"Jino," Daktari alisema.

"Jino," Wakili alikiri, akishika shavu.

"Muda wote huu?"

"Muda wote huu."

"Ungekuwa punda ningelijua siku ya kwanza! Mnyama asiyekula, kitu cha kwanza unafungua kinywa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua!"

"Sasa mbona hukufungua?"

"Kwa sababu punda hasemi! Wewe unasema kwa kulipwa. Nilijua kama ni jino utasema."

"Na wewe kama unataka kuniondoa kundini," Wakili akasema, na sauti yake ikarudi ghafla, ile ya mahakamani, "si ungesema pia? Dume mzee, kutibu au kuondoa. Nimeliona kwa macho yangu."

"Lile?" Daktari alishika kichwa. "Lile dume ni wewe!"

"Ndilo ninalosema!"

"Sivyo! Nilikuwa nakutibu! Niliandika dalili zako, ikaniletea dume lililomeza waya."

Mama Sufuria, aliyekuwa akigeuza kichwa huku na huku, akauliza, "Waya gani tena? Nani kameza waya?"

"Hakuna aliyemeza, Mama," Daktari akamjibu, kisha akamgeukia mumewe. "Na mgawanyo wa mali je? Huo nao ni wa jino?"

Wakili alitaka kujitetea. Alifungua mdomo, hewa ikaingia kwenye shimo, akaufunga.

"Inuka twende," Daktari akasema. "Hayo mengine yatatukuta njiani."

"Siendi."

Hapo ndipo alipowamwagia yote: yule wa taya, yule wa ganzi, yule aliyeng'olewa jino zima. Aliwataja kwa mwaka na kwa mahakama. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, na ilimchukua muda.

"Hao wote uliwatafuta kwa neno uzembe?"

"Ndiyo."

"Basi ulitaraji kumpata nani? Mtu aliyeenda Jumatatu akang'olewa, Jumanne akala mbavu, anaandikiwa hukumu na nani? Mimi nikitafuta ng'ombe kwa neno mzoga, nitasema dunia haina ng'ombe hai."

Wakili alitafakari. Alikuwa mtu wa haki, hata akiumwa.

"Hoja nzuri," alisema. Lakini hakuinuka. Ilibidi mama yake amshike mkono mmoja na mkewe wa pili, na ngazi za mlangoni wakazishuka wote watatu kama waliobeba trei moja ya mayai.

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, chumba cha kungojea chenye viti vya plastiki na picha ya tabasamu kubwa ukutani. Daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye mikono midogo, alimpa Wakili karatasi ya kukubali matibabu. Wakili aliisoma yote. Kisha akaomba kalamu, na kwa mdomo uliovimba akapendekeza marekebisho katika aya ya pili, akitaka neno "inapobidi" lifafanuliwe. Daktari wa meno alimfafanulia kwa kumpiga sindano ya ganzi.

Wakati ganzi inashika, wanawake wawili walikaa nje. Mama Sufuria alikuwa amenyamaza tangu garini, jambo lisilo la kawaida, na kanga yake alikuwa akiizungusha vidoleni.

"Mkwe," alisema mwishowe, "huyu alikwambia baba yake alikufaje?"

"Alisema aliugua, akafa, yeye akiwa mdogo."

"Aliugua jipu. Jipu tu, hapa shingoni. Tukampeleka asubuhi, mtoto kamshika mkono mpaka mlangoni, baba mtu anamwambia nisubiri hapa, narudi sasa hivi tukanywe soda." Alinyoosha kanga juu ya magoti. "Alitoka amefunikwa. Mtoto alikataa kuondoka pale mlangoni. Ilibidi abebwe."

Daktari aliutazama mlango wa ndani. Miaka yote ya ndoa alikuwa akijua kwamba mumewe haendi hospitali, na alikuwa na maelezo yake tayari: ukaidi, kazi nyingi, uanaume. Hakuwahi kufikiri kuna mlango.

"Mimi nilipomsikia kwenye simu nikajua ana kitu," Mama Sufuria akaendelea. "Nikaja na sufuria. Ndicho ninachojua. Hata boga lile... nisamehe, mwanangu. Nilikusema vibaya kwa watu wengi."

"Boga lilikuwa zuri, Mama."

"Hilo najua."

Daktari aliinuka, akagonga mlango wa ndani, akaomba aruhusiwe kukaa na mgonjwa. Akaruhusiwa. Alivuta kigoda hadi karibu na kiti kile chenye taa na kumshika mumewe mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa. Alikuwa ameshika wanyama wengi katika hali kama ile, akajua namna ya kuushika: si kwa nguvu, ila bila kuachia.

"Mngekuja mapema ningeziba tu," daktari wa meno alisema akichukua koleo. "Sasa linatoka." Na alipopata habari kwamba mke ni daktari wa mifugo, akauliza akiwa kazini, macho ndani ya kinywa cha mteja: "Afadhali nimekupata. Paka wangu anararua kochi. Nimesoma sana mtandaoni, nadhani ni fizi zinamuwasha. Nimeshampiga picha za taya mara mbili."

"Ni kucha," Daktari akasema. "Mtafutie gogo akwaruze."

"Kucha?" Daktari wa meno alisimama na koleo hewani. "Kucha sikuziangalia." Halafu akavuta, na jino likatoka kabla Wakili hajajua kwamba limeanza.

Alitoka kliniki kwa miguu yake, pamba imejaa shavuni, anatazama barabara kama mtu aliyeachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Mama yake alimshika mkono mlangoni na hakumwachia mpaka kwenye gari. Hakuna aliyelitaja jipu.

Daktari ndiye aliyeendesha. Walipofika kwenye taa za barabarani zikiwa nyekundu, aliuliza bila kumgeukia.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Uliogopa?"

Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, naye hakuondoka.

"Niliogopa," Wakili alisema kwa mdomo wa ganzi, maneno yakimwagika pembeni. "Niliogopa sana."

Gari likaondoka. Honi ya nyuma ikanyamaza. Baada ya kona mbili Daktari akavuta pumzi, akauliza swali ambalo hakujua jibu lake.

"Na ulitaka kuniacha?"

Wakili alitikisa kichwa. Alitafuta maneno, akayapanga, ganzi ikayapangua, akayapanga upya.

"Nilidhani wewe ndiye unaondoka," alisema. "Nikawa natafuta hukumu ambayo mke alizuiwa na mahakama asiondoke. Nimepekua zote." Akafuta mate kidevuni kwa leso. "Hakuna hata moja."

Kutoka kiti cha nyuma Mama Sufuria alisema, "Hayo ndiyo mliyosomea miaka yote hiyo?"

Daktari alianza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari kando ya barabara, kichwa juu ya usukani, mabega yakitikisika, na wapita njia wakainama kuchungulia kama kuna msiba. Mama mkwe akacheka kwa sababu mkwewe anacheka. Wakili naye alicheka, ingawa ni nusu ya uso tu iliyokubali.